Mama wa Kusafisha

Saluni yangu iko Kamembe, kwenye barabara inayoshuka kutoka kituo cha mabasi kwenda sokoni. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu, na televisheni niliyoitundika ukutani ili wateja wasichoke. Kusuka rasta ndogondogo kunakula saa tano, wakati mwingine sita, na mtu hawezi kukaa saa zote hizo akitazama kisogo cha mwenzake. Televisheni niliinunua kwa ajili hiyo, na kwa televisheni hiyo tukanaswa sote na tamthilia ya mashine.

Shemeji yangu ndiye aliyeileta. Ni dereva wa lori la saruji. Anapakia Muganza, anashusha kwenye maduka ya Kamembe, na kila anapopita husimama kwangu kunywa chai, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi. Siku moja akachomoa flash mfukoni, akasema kuna kitu ndani yake kitakachotunyima kazi. Alisema kweli.

Ilikuwa tamthilia ya mji wa mbali wenye baridi, imetiwa sauti za Kifaransa. Kampuni moja ya huko imeunda akili mnemba ya kupokea simu za watu wenye shida: nyumba inaungua, mzee ameanguka bafuni, mtoto amemeza sarafu. Mashine inapokea, inamtuliza anayelia, inatuma gari. Kadiri sehemu zilivyosonga, wakubwa wa kampuni wakaanza kuiamuru iwakatie simu watu wa mitaa ya maskini, maana magari hayatoshi, na mashine ikakataa. Ikawa inabaki nao kwenye simu hata pale ambapo gari haliji. Inawaambia: "Nipo. Endelea kuongea." Maneno hayo yakawa salamu ya saluni. Mteja akiingia na kukuta viti vimejaa, mmoja wetu anamwambia, "Nipo, endelea kuongea," tunacheka, naye anakaa kwenye benchi kungoja.

Tulikuwa wanne tusiokosa hata sehemu moja. Mimi. Shemeji. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa jirani yangu, mwanamke mkavu wa maneno ambaye sisi wote tulimwita Madamu kama wanafunzi wake. Na wa nne alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mchuuzi, aliyevuka mpaka kila Jumanne na kila Ijumaa kuniletea meshi, zile nywele za kusukia, pamoja na mafuta ya kichwa. Akimaliza kuniuzia alipita sokoni kununua nyanya na mayai, akarudi nayo kwao.

Huyo nilimwita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao Bukavu. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, na mimi pia nilizaliwa Bukavu. Wazazi wangu walirudi Rwanda nikiwa msichana wa shule. Kiswahili chake kilikuwa kile cha utoto wangu. Nilipomsikia akisema "batoto" na "bintu" nilijiona niko tena kwenye uwanja wa nyumba yetu ya zamani, mama yangu ananiita nioshe vyombo. Yeye aliniita "mudogo yangu." Nilimsuka bure, naye akaniachia meshi zilizochanua vizuri kabla ya kuwaonyesha wenye saluni wengine.

Tamthilia ikaisha vibaya. Katika sehemu ya mwisho, mhandisi aliyeiunda mashine analetewa karatasi ya amri, anashuka kwenye chumba cha chini, anageuza ufunguo. Taa zinazimika safu kwa safu. Kisha tunaona ukumbi mrefu wa giza, simu zinalia na hakuna wa kupokea. Mama wa kusafisha anapita na ndoo yake. Anasimama kidogo, anasikiliza zile simu, halafu anatoka mlangoni. Basi. Majina ya watu yakaanza kupanda kwenye kioo cha televisheni.

"Ndiyo hivyo tu?" shemeji akauliza. Alisimama kabisa, kikombe mkononi. "Mwezi mzima inanitesa, halafu ndiyo hivyo tu?"

Madamu alikuwa na kawaida ya kusoma mambo kwenye simu yake. Wiki iliyofuata akatuletea habari kwamba huko duniani wapenzi wa tamthilia ile wamekasirika kama sisi, na sasa wanaandikiana wakiwaza tamthilia nyingine inayoweza kuzaliwa na ile ya kwanza. Wengine wanataka iwe ya mhandisi akiwa uhamishoni. Wengine wanataka ya mashine yenyewe ilipokuwa bado changa.

"Na sisi tutunge yetu," shemeji akasema. "Mimi nachagua dereva wa gari la wagonjwa. Hao ndio wanaofanya kazi."

Madamu alimtaka mhandisi. Mimi sikuwa na mtu. Yaya alikuwa kwenye kiti, kichwa chake mikononi mwangu, na akasema pole pole:

"Mi nataka ya ule mama wa kusafisha."

Tulicheka. Yule mama hakuwa hata na jina. Katika tamthilia nzima alisema maneno mawili: "samahani" na "pamelowa."

"Mucheke tu," yaya akasema. "Lakini yeye njo alikuwa ndani kila siku. Nani mwingine alikuwa ndani kila siku?"

Wakati ule ndipo nilipojua kwamba kabla ya kuanza biashara alisafisha ofisi za watu Bukavu miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kunieleza. Alituambia mkubwa wa ofisi anaweza kukupita asubuhi na mchana miaka yote hiyo, ukikutana naye sokoni asikujue, na wewe unajua anakula nini, anaficha nini kwenye droo, siku gani alilia.

"Basi anza," Madamu akamwambia, kwa sauti ya darasani. "Anatoka mlangoni. Kisha?"

Yaya akaanza. Akasema mama wa kusafisha hakuambiwa na mtu kwamba mashine imezimwa. Alijua kwa mikono. Sakafu ya kile chumba cha chini ilikuwa na joto siku zote, kwa sababu ya mashine, na yeye alipenda kumalizia kazi humo kwa kuwa nje kuna theluji na viganja vyake vinauma. Siku ile akapiga magoti kufuta, sakafu ikawa baridi. Akaweka kiganja pale kwa muda, kama unavyomgusa mgonjwa. Halafu akakamua kitambaa, akaondoka.

Hakuna aliyecheka tena. Mteja mmoja aliyekuwa akikaushwa nywele akazima kikaushio mwenyewe ili asikie.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumanne na kila Ijumaa asubuhi yaya alitupa kipande. Alisimulia jinsi kampuni ilivyoajiri watu wa kupokea simu mahali pa mashine, na mama wa kusafisha akaona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: vikapu vya takataka. Mashine haikuwa na takataka. Sasa kila asubuhi kuna maganda ya machungwa, makombo ya mkate, na karatasi laini zilizolowa machozi. Kwa wingi wa zile karatasi alijua kama usiku wa jana watu wengi walikufa wakiwa kwenye simu.

Sisi wengine tulikuwa na ruhusa ya kuongeza, lakini mwenye hadithi alikuwa yeye, akikataa amekataa. Shemeji alipendekeza mashine iwe imejificha ndani ya simu ya yule mama, siku moja izungumze. Saluni nzima ikashangilia. Yaya akatikisa kichwa mpaka meshi zikanitoka vidoleni.

"Hapana. Mashine ilizimwa, si muliona? Kama inarudia, basi tulilia ya bure."

Yule mama alipewa binti. Hilo lilikuwa wazo lake yaya, na lilitupendeza. Msichana wa miaka kumi na tisa, wa kwanza katika ukoo wao kufika masomo ya juu, mwenye maringo, asiyependa kuonekana na mama yake akiwa amevaa sare ya kazi. Tulimjua vizuri. Madamu alisema anaye mmoja wa namna hiyo nyumbani. Nilijua yaya naye ana binti anayesoma Bukavu, na nikafikiri anatania kidogo watoto wetu wa siku hizi.

Kisha vita vikakaribia Bukavu. Siku kadhaa mpaka ulifungwa. Kutoka Kamembe tulisikia milio upande wa pili, na watu walisimama barabarani wakitazama ng'ambo. Wateja hawakuja. Niliketi kwenye kiti changu mwenyewe na televisheni imezimwa, nikimpigia yaya simu, isishike.

Mpaka ulipofunguliwa alikuja Ijumaa ya kwanza, na mzigo mdogo. Alikuwa amekonda shingo. Nilimkumbatia mlangoni.

"Watu wa nyumbani wazima?"

"Tuko."

"Na mtoto?"

"Eko kwa shangazi yake, Kalehe. Alienda kumusaidia, alizaa."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikasema afadhali, kijijini ni kimya kuliko mjini. Niliyasema hayo mimi niliyezaliwa Bukavu, ninayeijua barabara ile ya kandokando ya ziwa inayopita Kalehe, na ambaye ningeweza kumwuliza mtu yeyote sokoni vita vimepita wapi kabla ya kufika mjini. Sikuuliza. Yaya alikaa kwenye kiti, akalegeza kitambaa cha kichwa, na shemeji, aliyekuwa amengoja wiki nzima, akasema:

"Haya, yaya. Tulimwacha wapi mama yetu?"

Akatazama kioo kwa muda. Kisha akasema katika sehemu hii binti anasafiri. Anakwenda kwa shangazi yake, mji mwingine, kwa kuwa shangazi amejifungua. Kule kunatokea balaa, watu wanakimbia. Mama anapiga simu. Simu inalia, inalia, haipokelewi. Anapiga tena. Inalia.

"Ameiacha mahali," Madamu akasema.

"Pengine," yaya akajibu.

Jumanne iliyofuata akatuambia simu haikulia tena. Siku mbili ililia, siku ya tatu ikajibu sauti ya mwanamke wa mtandao, kwa Kifaransa, kwamba mwenye namba hapatikani. Mama wa kusafisha anakwenda kazini hivyo hivyo. Anasukuma maji kwa raklet yake, ile fimbo yenye mpira, katikati ya watu wanaopokea simu za dunia nzima, simu yake iko kwenye mfuko wa aproni, na kila baada ya chumba kimoja anaitoa, anapiga, anasikiliza yule mwanamke mpaka mwisho wa maneno yake, anairudisha.

"Lakini si awaombe hao wanaopokea simu wamsaidie?" mteja mmoja akauliza. "Si wako hapo hapo?"

"Hawamujui," yaya akasema. "Atasema nini? Miye njo nasafishaka hapa?"

Shemeji akarudia wazo lake. Alisema sasa ndiyo nafasi nzuri. Mashine inajua kila simu iko wapi. Mama anashuka chumba cha chini, anageuza ufunguo, taa zinawaka safu kwa safu, anaiuliza: mwanangu yuko wapi? Aliliigiza hilo kwa mikono yake mikubwa ya usukani. Tulimsihi yaya akubali. Madamu mwenyewe, ambaye hakupenda mambo ya miujiza, alisema hapo panaruhusu.

Yaya alifikiri sana. Niliona katika kioo kwamba alikuwa akiliwaza jambo lile kwa dhati, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayefanya hesabu. Mwishoni akasema:

"Hana ufunguo."

Wiki mbili zikapita kwa mtindo huo. Mama wa kusafisha alikwenda kwenye kituo cha magari, akaangalia nyuso za wanaoshuka. Alikwenda kanisani, akaandika jina la mtoto kwenye karatasi ya wanaoombewa, akaona majina ni mengi mpaka mchungaji anayasoma haraka haraka. Alipika chakula cha watu wawili. Nasimulia mambo haya sasa na ninajiuliza tulikuwa watu wa namna gani. Watatu wenye akili timamu, mmoja wetu mwalimu, tulikaa ndani ya chumba cha hatua sita kwa nne, tukimsikia mama anatueleza kila siku alichokifanya jana, na sisi tunasema: hapo pamekuwa parefu, hapo ongeza askari, hapo binti awe ametoroka na mwanamume. Hilo la mwanamume alilisema shemeji. Yaya aligeuka akamtazama, si kwa hasira. Nafikiri kwa muda mfupi alitamani liwe kweli.

Lililo baya zaidi nililisema mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Saluni ilijaa, maana Jumamosi kulikuwa na arusi mbili, na wanawake niliokuwa nikiwasuka walikuwa wamekuja pia kwa ajili ya hadithi. Habari zake zilikuwa zimefika mpaka Cyangugu kule chini. Yaya alifika amechelewa. Hakuwa na mzigo wowote. Sikuliwaza hilo. Nilimwona kama mwimbaji aliyechelewa kwenye sherehe. Nilimkalisha, nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, wengine wasisikie:

"Yaya, usituue roho leo. Watu wanakuja hapa kupumzika. Mrudishe mtoto wa watu."

"Ndiyo, arudi!" mwanamke mmoja akadakia. "Tumechoka kulia."

"Arudi, arudi," wengine wakaitikia.

Yaya alikuwa ameweka mikono yake juu ya mapaja. Akaitazama.

"Munataka arudi?"

"Tunataka."

"Sawa," akasema. "Namurudisha."

Akamrudisha. Sijawahi kusikia mtu akisimulia vile, na sidhani nitasikia tena. Akasema ni mchana, mama yuko nyumbani kwa kuwa ni siku yake ya kupumzika, anachambua maharage. Anasikia viatu nje. Anavijua, kiatu cha kulia kimelegea soli, kinapiga chini mara mbili. Hainuki. Anaogopa kuinuka. Mlango unasukumwa, binti anaingia, magoti yana matope, na la kwanza analosema si "shikamoo," si "mama." Anasema, "Kuna chakula?" Mama anampakulia ugali wa asubuhi uliopoa na sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizobaki. Binti anakula akiwa amesimama. Anakula yote. Anaifuta sahani kwa kidole, anapanda kitandani na nguo zake chafu, analala. Mama anakaa mlangoni ili mtu asipite akapiga kelele.

Saluni ikapasuka kwa makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Shemeji alikuwa akijipangusa macho na mkono wa shati na kujitia vumbi la saruji zaidi. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, mikono kwenye mabega ya yaya, na nilihisi yanatetemeka. Nikadhani anacheka. Nikamminya mabega kwa furaha.

Aliondoka bila kusukwa. Alisema ana haraka ya kuvuka.

Jumanne hakuja. Ijumaa hakuja. Simu yake ililia bila kupokelewa, na hata hapo sikuwaza lolote. Wiki ya pili nilipokosa meshi kabisa nikafunga saluni, nikachukua kitambulisho, nikashuka kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza na kuvuka daraja kwa miguu pamoja na akina mama wenye mizigo. Nyumba yake sikuwahi kufika, ila nilijua mtaa, upande wa mlimani, kwenye ngazi nyingi za udongo. Niliulizia mama anayeuza meshi. Msichana aliyekuwa akiteka maji aliacha ndoo yake, akaniangalia.

"Unaenda kwa matanga?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui kama kuna matanga.

"Ya mutoto yake, yaya wetu ule wa chuo. Balimuzika kule kwa barabara."

Uani palikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa, vingi vitupu. Siku za watu wengi zilikuwa zimeshapita. Wanawake watatu walikuwa wakiosha sufuria. Mmoja wao alikuwa shangazi wa marehemu, mtoto mchanga mgongoni. Aliponyoosha mkono kunisalimu niliona ngozi ya kiganja imechubuka na inaanza kupona. Ndiye aliyenieleza. Walikimbia pamoja kutoka Kalehe, katika umati. Palipopigwa risasi, kila mtu alianguka upande wake, na alipoinuka hakumwona msichana. Alijificha kwa watu wiki kadhaa na mtoto. Alipofika Bukavu, siku ya Jumapili, alikuwa na mfuko wa msichana na kiatu kimoja. Kabla ya hapo mtu mwingine, asiyejulikana, alikuwa ameikuta simu ya marehemu, akaichaji, akapiga namba iliyokuwa imeita mara nyingi kuliko zote.

Yaya alikuwa ndani, amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa kimenyolewa. Kwa mikono yangu nilikuwa nimekishika kichwa kile miaka, na sikuwahi kuona umbo lake. Nilipiga magoti mbele yake.

"Yaya, pole. Sikujua. Nisamehe, sikujua."

Alinitazama kwa utulivu.

"Banipigia simu kazi ine," akasema.

Kazi ine ni Alhamisi. Nilihesabu, na nikaelewa, na bado nikaomba iwe nimehesabu vibaya. Ijumaa ile alipokuja bila mzigo alikuwa tayari ameambiwa.

"Muntu simujue. Ananiambia, mwenye hii simu tulimuzika, na bengine wawili. Nikasema anabongopa. Sikuambia muntu hapa nyumbani. Asubuyi nikavaa, nikakuya kwako." Nje sufuria ziligongana. "Nilikuya nikuambie weye. Wa kwanza."

Nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Weye ukaniambia nimurudishe," akasema. "Nikamurudisha. Mukapiga makofi."

Hakusema kwa ukali. Nilingoja aseme zaidi, anitukane, anifukuze. Ningeondoka na kitu. Aliinamisha kichwa na kuendelea kuzitazama nyayo zake. Nikakaa pale kwenye mkeka kando yake. Baadaye mmoja wa wanawake alileta sahani ya maharage na kuiweka katikati yetu. Mimi nilikula kwa sababu kukataa chakula cha matanga ni vibaya. Yeye hakugusa. Kabla ya saa ya kufunga mpaka nilimuaga, akaitikia kwa kichwa, na shangazi akanisindikiza mpaka kwenye ngazi.

Kesho yake niliwaeleza wenzangu. Shemeji alitoka nje, akakaa ndani ya lori lake, injini imezimwa, akakaa mle mpaka chai yake ikapoa mezani. Madamu aliniuliza maswali mafupi ya tarehe na saa, kama mtu anayetafuta kosa kwenye daftari, na alipoona halipo akafungua Biblia yake, akaifunga, akaenda zake shuleni. Wateja walioulizia hadithi niliwaambia imekwisha. Mmoja alinung'unika kwamba afadhali iliishia vizuri. Nikaendelea kumsuka.

Baada ya miezi mitatu yaya alianza tena kuvuka. Niliambiwa na muuza mayai wa sokoni. Nilipanga meza, nikanunua chai mpya, nikangoja Jumanne, nikangoja Ijumaa. Kisha siku moja nilikuwa napita karibu na kituo cha mabasi, nikamwona ndani ya saluni nyingine, ya msichana mmoja aliyefungua juzi juzi. Alikuwa amefungua mzigo wake juu ya kiti na kumwonyesha meshi moja moja, akizinyoosha kwenye mwanga. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeanza kuota, fupi, na nyeupe kuliko nilivyodhani.

Aliinua macho, akaniona mlangoni. Nikamsalimu.

"Habari ya leo, yaya?"

"Tuko," akasema. "Na kwako?"

Nikasema tuko. Yule msichana mwenye saluni alikuwa akingoja kuambiwa bei. Yaya akamgeukia, akamwambia, na mimi nikashika njia yangu kwenda sokoni.